Lensi ya potreti: pima chumba chako kwanza

Malalamiko yanayonijia msimu huu wa mahafali ni ya aina moja. Mtu ni mwalimu au nesi, wikendi anapiga picha kujiongezea kipato, amejibana mwaka mzima akaweka hela, ameangalia video za YouTube na zote zinamwambia 85mm (namba ya lensi, ikiwa kubwa inavuta karibu zaidi) ndo lensi ya potreti, akanunua, akafika nyumbani kwa mteja Kireka, pembeni ya Kampala, na sasa anapiga akiwa amesimama koridoni, mlango umeachwa wazi na watoto wa jirani wanapita katikati. Dada mmoja wa Mbale aliniandikia ati mteja wake alimuuliza kama kamera imeharibika, mbona anazidi kurudi nyuma.

Haijaharibika, dada, na lensi yenyewe ni nzuri sana. Ila wale wa YouTube wanapigia kwenye studio ambazo unaweza kuchezea mpira humo ndani, na wengi wana kamera za sensa kubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Wewe una Canon 700D au 2000D za sensa ndogo, na chumba ni muzigo, chumba kimoja cha kupanga, cha futi kumi kwa kumi chenye kitanda, kabati na jiko la gesi.

Kwa hiyo leo siongelei megapikseli, ukali wa kona siutaki, na ile mistari myekundu kwenye lensi za matajiri tuiache. Lensi zote nitakazotaja ni kali za kutosha kwa uso wa binadamu, na bibi harusi hatakaa akague kona za picha kwenye simu yake. Naongelea kitu kimoja tu ambacho muuzaji hakwambii: lensi inakudai usimame umbali gani.

Chukua kamera ya Canon ya sensa ndogo, ile tuliyo nayo wengi. Ukitaka mtu mzima kichwa mpaka viatu, kamera umeisimamisha wima na umeacha nafasi kidogo juu na chini, 85mm inataka mita saba na nusu. Saba na nusu, banange! 50mm inataka mita nne na nusu, 35mm tatu, 24mm mbili na kidogo. Kiuno kwenda juu, 85mm ni karibu mita nne, 50mm ni mbili na robo. Na hapo nimehesabu kutoka kwenye kamera mpaka kwa mtu tu, bado hujaweka mwili wako wewe mwenyewe, bado hujamtoa mtu ukutani angalau mita moja, maana ukimbana ukutani kivuli kinamganda mgongoni na ile f/1.8 uliyoilipia, yaani tundu la lensi lililofunguka sana, haina kitu cha kuyeyusha nyuma yake.

Futi kumi ni mita tatu na kidogo. Kona kwa kona unapata kama mita nne na robo, ndo maana mi nasukuma kitanda, nampanga mtu karibu na kona moja, mimi nabanana na kona ya pili. Hapo 50mm ya kiuno kwenda juu inaingia. 85mm haiingii hata utoe dirisha.

Kuna wanaoruka upande wa pili, ati basi ninunue lensi pana nisogee karibu. Ngoja. Kinachobadilisha sura ya mtu ni umbali wako wewe na yeye, lensi inakulazimisha tu usimame wapi. Pua iko mbele ya masikio kama sentimita kumi hivi. Ukisimama nusu mita, hiyo kumi ni sehemu ya tano ya njia yote, kwa hiyo pua inatoka kubwa na masikio yanakimbilia nyuma. Ukisimama mita mbili, kumi hiyo hiyo inakuwa sehemu ya ishirini na hakuna anayeiona. Kwa uso, mi sishuki chini ya mita moja na robo nikiweza, na mteja akilalamika amenona kwenye picha naangalia kwanza nilikuwa nimesimama wapi kabla sijagusa programu ya kuhariri.

Sasa orodha. Natangaza mapema kwamba mimi ni mtu wa Canon, nimeizoea, marafiki zangu wanayo kwa hiyo tunaazimana lensi siku ya kwanjula (sherehe ya kutambulishana familia kabla ya ndoa) mambo yakiharibika, na fundi wangu anaijua. Wa Nikon msinitukane, mna sehemu yenu huko chini.

Namba moja bila kusita ni Canon EF 50mm f/1.8 STM. Ilitoka 2015 ikachukua nafasi ya ile ya zamani ya 1990, ile ya plastiki mpaka shingoni, pale inaposhika kamera, iliyokuwa inalia kama nyuki ikitafuta fokasi. Hii mpya ina shingo ya chuma, mabawa saba ya apacha (lile tundu la kupitisha mwanga) badala ya matano, motor imetulia, na inafokasi kuanzia sentimita 35 wakati ya zamani ilikuwa 45. Ina gramu 160 hivi, unaisahau shingoni. Lakini naipenda kwa ajili ya mita zake: kichwa na mabega unasimama mita moja na theluthi hivi, kiuno mbili na robo, yaani umbali ambao sura inatoka vizuri na bado unaongea na mtu kwa sauti ya kawaida, unamwambia shusha kidevu bila kupiga kelele. Kwenye potreti hilo ni nusu ya kazi, maana mtu anayefokewa kutoka mita saba anakakamaa.

Ila ukiipata usiiache f/1.8 siku nzima. Kwa kichwa na mabega kwenye sensa ndogo, sehemu iliyo kali hapo ni kama sentimita tano tu, jicho la karibu liko fiti na la mbali limeyeyuka kama mtu kageuka kidogo. Weka f/2.8, fokasi kwenye jicho la karibu na kamera, nukta moja, usiiachie kamera ichague yenyewe itachagua ushanga wa gomesi, lile vazi la kina mama. Wakiwa wawili nenda f/4. Na kanzu nyeupe inaidanganya kamera, inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, uso wa mzee unatoka kama umetiwa masizi, kwa hiyo pandisha mwanga kidogo mpaka ngozi ikae sawa, kanzu iking'aa kidogo haina neno.

Namba mbili itawashangaza: Canon EF-S 55-250mm IS STM. Si ya muzigo hii, ni ya nje. Mpiga picha wa wikendi Uganda nusu ya kazi zake ziko nje, mahafali Makerere au Kyambogo, wapenzi kwenye bustani ya mimea Entebbe, na huko mita unazo bure. Zumu kwenye 135 mpaka 200, mtoe mtu mbali na miti, nyuma inayeyuka hata kama ni f/5.6, na huhitaji kubadilisha lensi kwenye vumbi la murram. Kasoro yake ni mwanga, saa kumi na mbili unusu jioni ikishaingia giza rudi kwenye 50. Na jua la saa sita kwetu liko utosini kabisa, macho yote yanageuka mashimo, hapo lensi ya bei yoyote haikuokoi, mpeleke mtu chini ya mwembe au kwenye baraza.

Namba tatu ndo hiyo 85mm yenyewe, Canon EF 85mm f/1.8 USM. Ni ya 1992 na bado inafokasi haraka kuliko nyingi za juzi. Kwenye sensa kubwa inataka mita nne na robo tatu kwa mtu mzima, hapo inaeleweka. Kama una ukumbi, una uwanja, au una 6D, nunua na ufurahi. Kama kazi zako ni vyumbani, hela hiyo nunua 50mm, na inayobaki nunua flashi na mwavuli mweupe, na kwa mimi hiyo si bahati mbaya hata kidogo.

Namba nne, 24mm f/2.8 STM ya EF-S, ile bapa. Kwa familia nzima kwenye sofa ni mkombozi, kwa uso wa mtu mmoja soma tena habari ya pua.

Wa Nikon: AF-S 35mm f/1.8G DX na AF-S 50mm f/1.8G, zote nzuri, hesabu za mita zinakaribiana na za Canon. Lakini angalia herufi. Kamera za D3000 na D5000 na ndugu zao, D3200, D3500, D5600, hazina motor ya fokasi ndani, kwa hiyo ukiuziwa ile 50mm f/1.8D ya bei poa itabidi uzungushe kwa mkono wakati mtoto anakimbia. Tafuta AF-S, hiyo ina motor yake ndani ya lensi. Na wa Canon R, RF 50mm f/1.8 ya 2020 ni chaguo lenu, ila haikai kwenye 700D hata ubembeleze, nasema kwa sababu kuna mtu ameuziwa hivyo.

Za bei ya chini: kopi za 50mm zipo, nyingine zinafokasi zinapotaka. Bora ukae na 18-55 iliyokuja na kamera, iweke 55, kaa mlangoni kwenye mwanga. Basi.

Sasa wauzaji, manake hapa ndo presha yangu inapanda. Ile 50mm ya STM ilipoingia sokoni Marekani ilikuwa dola 125. Naelewa kuna usafiri, kuna ushuru, kuna kodi ya pango mjini. Lakini unaingia duka anakutajia bei kwa dola, unamwambia nilipe kwa shilingi anakupigia kiwango chake ambacho hakuna benki Kampala inayokijua, ukiomba risiti ya EFRIS, ile ya mamlaka ya kodi, ati nyabo (mama) ukitaka risiti bei inapanda asilimia 18, kwani ile ya kwanza ilikuwa ni bei ya nini? Halafu mtumba wa Dubai unaitwa "kama mpya". Washa tochi ya simu uipitishe kwenye kioo kutoka nyuma, ukiona vinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, na kwa unyevu wa huku ziwani haitapungua.

Na kujaribu hawataki! Ati lensi ikishafunguliwa imeshatumika. Nenda na kamera yako, kadi yako na futi ya fundi cherehani, nenda asubuhi siku ya kazi kabla duka halijajaa, mwombe kijana wa duka asimame, pima mita mbili na robo, piga, angalia jicho. Akikataa, duka la pili liko hatua tano. Na lile begi la bure na stendi ya kuyumba wanavyokufungia juu yake usivichukue, mwambie atoe thamani yake kwenye bei.