Boti ya kuvulia baharini: ipi ununue, na pontuni inafaa wapi

Anayenunua boti ya kuvulia katika mwambao wetu, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, asiichague kwa maji ya alfajiri. Alfajiri bahari imelala na chombo chochote kinatoka. Fikiria saa tisa mchana: upepo wa kusi umeshapanda, maji yanakupwa, nawe unataka kurudi kwa kupitia mlango wa mwamba. Mkondo unatoka, upepo unaingia, na vinapokutana mawimbi husimama wima, mafupi, yamefuatana. Nimezipanga boti hizi kwa kuuliza swali hilo moja: ipi itakurudisha?

Ya kwanza ni boti ya faiba yenye tumbo la mchongoko, futi 19 hadi 23. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, iko juu na inapasua wimbi badala ya kulipiga kibao. Ukinunua iliyotumika, usidanganywe na rangi. Nenda tezi, yaani nyuma, gonga kwa mpini wa bisibisi pale mashine inapofungwa. Mlio ukiwa mzito na laini, mbao zilizomo ndani zimeoza, na kuzibadilisha ni kazi kubwa. Mafundi wa faiba wanapatikana karibu kila mji wa pwani, na hilo peke yake linaiweka boti hii juu.

Ya pili ni ngalawa. Wenye fedha huipita bila kuitazama, nami naona wanakosea. Gogo la mwembe, matengo (mbao za kuelea) pande mbili, tanga moja: ikijaa maji bado inaelea, na mwenye kuijua anavuka nayo mlango ambao pontuni ya gharama kubwa haiuwezi. Inadai ujuzi, na mtalowa. Kwa mvuvi mmoja au wawili wasiokwenda mbali, fedha kidogo haitanunua chombo bora kuliko hiki.

Pontuni ya mapipa matatu naiweka ya tatu, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndiyo inayowavutia watu. Ni jukwaa bapa juu ya mapipa marefu ya alumini yaliyozibwa. Asili yake ni maziwani: anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Ambrose Weeres, mkulima wa Minnesota, Marekani, aliyeweka sakafu ya mbao juu ya mapipa ya chuma mwanzoni mwa miaka ya 1950. Uzuri wake ni wa kweli. Haiyumbi watu wakisogea upande mmoja kuvuta samaki, wazee na watoto wanakaa kwa raha, na inaingia kwenye kina kifupi. Udhaifu uko omo, ambako ni chini na bapa. Wimbi refu italipanda. Wimbi fupi lililosimama italichomeka, maji yaruke sakafuni, na uzito ukishaelemea mbele omo haiinuki tena kwa urahisi. Ukijikuta humo, hamishia watu nyuma na upunguze mwendo polepole, kwani ukikata mafuta ghafla omo ndiyo inazama. Lile paa la turubai nalo likunje mapema, maana upepo unalifanya tanga.

Kwa hiyo mahali pake ni ndani ya hori, kama Mtwapa au Kilifi, na nje kidogo siku tulivu za maleleji. Kabla ya kulipa tafuta kibao cha mtengenezaji. Boti za viwango vya Ulaya zina herufi: C ni ya mwambao, mawimbi yasiyozidi mita 2 na upepo usiozidi nguvu ya 6 kwa kipimo cha Beaufort, D ni ya maji yaliyokingwa, mawimbi ya mita 0.3, mara chache 0.5. Yenye D isivuke mwamba. Meli ya abiria MV Skagit haikuwa pontuni, lakini ilijengwa mwaka 1989 na kufanya kazi katika maji ya ndani ya Puget Sound, jimbo la Washington, kabla ya kuletwa kwetu. Julai 18, 2012, msimu wa kusi, ilizama karibu na Chumbe na watu wengi wakafa.

Halafu kuna chumvi. Alumini ikikutana na metali nyingine ndani ya maji ya bahari, umeme mdogo huanza kuila. Boti iliyotoka Ziwa Victoria huenda ina anodi (vipande vya metali vinavyoliwa badala ya boti) za magnesiamu, ambazo baharini huisha upesi. Weka za zinki. Rangi ya kuzuia magugu yenye shaba isiguse mapipa kabisa. Fungua vizibo uone kama kuna maji ndani, fuata kila mstari wa kuchomelea kwa kidole, na ukishainunua ilaze juu ya trela, uioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila inaporudi.

Pontuni ya mapipa mawili ni ya ziwani. Majukwaa ya mapipa ya plastiki yaliyofungwa kwa kamba siyapi nafasi yoyote.

Katika bajeti yako tenga kwanza fedha ya jaketi okozi kwa kila kichwa, redio ya VHF isiyoingia maji kwa ajili ya chaneli 16, ya wito wa dharura, na nanga yenye kamba walau mara tano ya kina. Mashine ikizima mbele ya mwamba, nanga hiyo ndiyo itakayokuzuia. Ukaguzi na usajili Tanzania Bara ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli), Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya ni KMA (Kenya Maritime Authority). Leseni ya uvuvi inaombwa kando. Na mwambie muuzaji mkaijaribu boti mchana wa upepo, mkiwa na uzito wa watu utakaowabeba. Akikataa, usilipe.