Helmeti ya Kuzamia Kule Aruba: Tulimshusha Mama Chini ya Bahari

Assalaam aleikum, habari za saa hizi watazamaji wangu. Kwanza tuwekane sawa kabla hamjaanza kunitania kwenye maoni: nikisema leo nazungumzia kuzamia, simaanishi kule kuzamia meli mnakokujua nyie. Sisi tumelipa nauli, tumegongewa mihuri, tumefika kihalali. Nazungumzia kuzamia majini, kule chini kwenye matumbawe, ukatazama samaki, ukarudi juu mzima.

Tulikuwa Aruba siku saba. Kwa asiyeijua, ni kisiwa kidogo cha Karibi kilicho ndani ya Ufalme wa Uholanzi, na Venezuela iko hapo jirani, kilomita kama 30 hivi. Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, kijana wetu wa miaka 11, na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 64, mzaliwa wa Tanga, na amekula bahari tangu anaota meno. Bamvua likitoka huwa anateremka na fimbo yake, anachokoa pweza miambani hadi maji yarudi. Lakini kuogelea hajui. Na msishangae, wanawake wengi wa pwani ndivyo walivyo. Bahari wanaijua kwa miguu.

Siku ya kwanza alikaa ufukweni akisubiri maji yatoke. Akasubiri. Jioni akaniuliza, "Mwanangu, maji ya hawa watu hayatoki?" Nikamwambia mama, Karibi maji hayatoki kama kwetu. Tanga bamvua likija maji yanashuka mita tatu na ushei, mtu unatembea mpaka mbali kabisa. Aruba yanapanda na kushuka hata nusu mita hayafiki. Akaguna. "Sasa vilivyomo mtu anaviona vipi?"

Basi video hii nzima ni jibu la hilo swali. Kama unasikia upepo kwenye maiki, nisamehe, Aruba inapuliza kusi lao mwaka mzima, hata miti yao imelala upande mmoja.

Tuanze na helmeti, maana ndiyo mnayoiulizia. Ni kofia kubwa nzito yenye kioo mbele, inakaa mabegani, haifungwi shingoni. Hapo ndipo watu wanapoogopa: haifungwi, maji hayaingii? Chukua kikombe, kigeuze kifudifudi, kikandamize ndani ya ndoo ya maji. Hewa inabaki ndani, maji hayapandi mpaka juu. Helmeti ni kikombe hicho, tofauti ni kwamba kuna mpira unaoleta hewa mpya kutoka juu bila kukatika, na inayozidi inatokea chini mabegani kama mapovu. Unapumua kwa pua yako kama ulivyokaa sebuleni. Hakuna kung'ata kitu mdomoni. Miwani ya macho unaingia nayo. Mama aliingia na ya kwake, ile ya kusomea Kurani, na haikupata tone.

Ikiwa nchi kavu ina zaidi ya kilo 30, kwa hiyo hawakuvishi ukiwa juu. Unashuka ngazi mpaka maji yafike mabegani, ndipo wanaishusha kichwani. Kuna kama sekunde tano hapo unahisi umebebeshwa gunia la mkaa. Ukishazama, uzito unapungua ukabaki wa kilo chache tu, kiasi cha kukufanya usielee. Na lazima uwe mzito kidogo, la sivyo utapaa kama puto.

Sasa masikio. Ngazi ya tatu, ya nne, yanaanza kubana kama kwenye ndege. Unapitisha mkono chini ya helmeti, unabana pua, unapuliza taratibu, yanazibuka. Yasipozibuka, usilazimishe, panda ngazi moja juu ujaribu tena. Ukiwa na mafua, nakuambia kama dada yako, siku hiyo kaa ufukweni. Kilindi chenyewe ni kama mita tano, lakini hata mita tano shinikizo ni mara moja na nusu ya la juu, sikio lililoziba halitakubali.

Wanawake mlioniuliza kuhusu nywele, nimewasikia. Nilikuwa na rasta ndefu, nikazifunga juu. Zilizokuwa kisogoni zililowa kidogo, utosi ulibaki mkavu. Mama alivaa hijabu ya kuogelea na baibui lake fupi la majini, helmeti ikakaa juu yake bila shida. Jambo moja tu: pini za chuma na hereni kubwa acha hotelini.

Haya, tumeshuka. Chini wameweka njia yenye reli ya kushika, unatembea taratibu kama mtu aliye mwezini. Kitu ambacho klipu za matangazo hazikwambii ni kelele. Hewa inaingia kwa mfoko, shhhh, muda wote, humsikii mtu. Mnaongea kwa mikono.

Mama alikuwa mbele yangu. Ghafla akasimama. Nikaona mkono wake unanyoosha kidole, halafu kidole kinageuka kiganja. Chini pale mchangani kulikuwa na jongoo bahari, mnene, kama mkono wa mtu. Nyie mnaotoka pwani mnajua jongoo bahari ni hela, wazee wetu walimkausha wakamuuzia Mchina. Mama akainama kumchukua! Tulishaambiwa juu, na mimi nikamtafsiria neno kwa neno: msiiname. Ukiinamisha helmeti ni sawa na kukiinamisha kile kikombe kwenye ndoo, hewa inamwagika, maji yanachukua nafasi yake. Nikaona maji yanapanda kwenye kioo, kidevu, mdomo. Moyo wangu ulisimama. Kijana aliyekuwa anatuongoza akafika kwa hatua mbili, akamshika mabega, akamnyoosha. Hewa ikasukuma maji yakatoka chini, hata sekunde nne hazikuisha. Mama akatema, akanitazama kupitia kioo, akacheka. Mimi nilikuwa nalia.

Kwa hiyo sheria ni moja: piga magoti ukitaka kuona kitu cha chini, kichwa kibaki wima. Na usiguse chochote.

Mbele kidogo akakutana na pono. Pono wa kule ni wa buluu iliyokolea, wakubwa, wana meno kama kasuku, na ukisimama karibu unawaona wanavyokwangua mwamba. Wanatafuna mwani na matumbawe, kisha wanaachia mchanga kwa nyuma. Ule mchanga mweupe mnaopigia picha, sehemu yake ni kinyesi cha pono, samahanini mnaokula. Tulipopanda juu neno la kwanza la mama lilikuwa, "Pono wote wale, hawawali?" Nikamweleza kwamba Belize, kwa mfano, walikataza kuvua pono tangu 2009, kwa sababu pono akiisha, mwani unayafunika matumbawe yakafa. Akanyamaza kidogo, akasema kumbe ndiyo maana kwetu miamba siku hizi imevaa manyoya. Hilo la manyoya sikuwahi kulisikia kwa mtaalamu yeyote.

Sasa malalamiko. Kampuni siitaji, sikuja hapa kuharibia mtu riziki. Tulilipa kama dola 70 kila mtu, na kutembea chini ilikuwa dakika 20, basi. Nyingine zote ni foleni na karatasi za kusaini. Kamera yako huruhusiwi kushuka nayo, wanakupiga wao, halafu picha wanakuuzia kwa bei ambayo ukiwa umebeba boksi wiki nzima unaijua uchungu wake. Na kilichoniudhi zaidi, kiongozi alikuwa anatoa mkate wa mabaki kwenye mfuko na kuwatupia samaki ili watuzunguke. Picha inapendeza, lakini samaki anayekula mkate haendi kukwangua mwani. Kabla hujalipa, uliza kama wanalisha samaki. Wakisema ndiyo, tafuta wengine.

Na ya afya. Mama ana presha. Fomu yao inauliza presha, pumu, moyo, ujauzito, na ukijaza "ndiyo" bila barua ya daktari wanaweza kukurudisha. Tulikuwa tumeipata barua Houston, Marekani, kabla ya kusafiri. Msidanganye kwenye fomu ili msikose zamu, nimeona mtu mbele yangu anafanya hivyo.

Twende kwenye snuba. Hii ni kati ya snokeli, ile ya kuelea juu ukipumua kwa mrija, na kuzamia kwa mtungi wa hewa: mtungi unaelea juu kwenye boya kama mtumbwi mdogo, wewe unashuka na mpira wa mita sita, unapumulia mdomoni na umevaa miwani ya maji. Aliyejaribu ni mume wangu, mtu wa Dodoma, kuogelea amejifunzia kwenye bwawa la apatimenti tunakoishi. Aliibuka mara mbili kwa sababu miwani iliingia maji, mara ya tatu akatulia, akakaa chini robo saa. Taya zilimuuma mpaka usiku kwa kung'ata ule mpira kama mkongojo wa roho. Hukumu yangu: kama uso ndani ya maji unakutia wasiwasi, snuba si mwanzo wako. Nenda helmeti. Kama unaweza kuelea na kutulia, snuba ina thamani kubwa kwa hela ileile, maana unaogelea unakotaka, hukai kwenye foleni ya reli.

Lakini hapa nisikilizeni. Snuba, mtungi, hata helmeti, usibane pumzi unapopanda. Hewa uliyovuta mita sita chini imebanwa, ukipanda inatanuka, na mapafu si puto. Pumua kawaida, panda polepole.

Mimi na kijana tulifanya kuzamia kwa mtungi, ile ya majaribio ya PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, wanaopokea kuanzia miaka 10 na kikomo ni mita 12. Asubuhi nzima mko kwenye bwawa mnajifunza kumwaga maji kwenye miwani na kurudisha mpira mdomoni ukichomoka. Mchana ndiyo bahari. Nisiwachoshe, ilikuwa ndiyo bora kuliko zote kwangu, na ghali kuliko zote. Ila msiipange siku ya mwisho: baada ya kuzamia mara moja Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, wanashauri usubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na saa 18 ukizamia zaidi ya mara moja.

Huko kijana alimwona samaki mwenye milia na mapezi marefu kama matawi, ana miiba ya sumu. Mwalimu akakunja uso. Kumbe yule si wa Karibi, jamaa zake wako bahari zetu, Hindi na Pasifiki. Alianza kuonekana Florida miaka ya 1980, inaaminika watu waliokuwa wakifuga samaki wa mapambo waliwaachia baharini, na kule hana adui wa maana, anakula vifaranga vya samaki wengine hovyo. Sasa wanamsaka kwa mikuki na kumla. Mama alipooneshwa picha kwenye simu akasema, "Huyu ndiye mzamiaji hasa. Hana hata paspoti."

Nyambizi ya watalii nitaipitia haraka. Unakaa mkavu kama kwenye daladala, inashuka hadi kama mita 40, masikio hayabani kwa sababu shinikizo la hewa ya ndani ni lilelile la juu. Ni nzuri kwa mtu asiyeweza au asiyetaka kuzamia. Mimi nilisinzia. Kitu kimoja tu kilinizindua: walipozima taa, leso nyekundu ya mama ikageuka kama kahawa. Maji yanameza wekundu kwanza kabla ya rangi nyingine.

Na cha bei nafuu? Snokeli juu ya meli Antilla. Ni meli ya mizigo ya Wajerumani, mabaharia wake wenyewe waliizamisha Mei 10, 1940, siku Ujerumani ilipoivamia Uholanzi, ili isitekwe. Ina urefu wa kama mita 120, na kwa kuwa imelala kwenye maji ya mita 18 tu, unaiona ukielea juu na jaketi la kuokolea. Mbavu za chuma, sponji za rangi ya chungwa, kundi la samaki linaingia dirishani na kutokea dirisha jingine. Mume wangu alisema ingeanza hii asingelipia snuba.

Krimu ya jua angalieni maandishi: Aruba imepiga marufuku zenye kemikali ya oksibenzoni tangu 2020, zinadhuru matumbawe. Sisi tulivaa mikono mirefu, yakaisha.

Kwa hiyo alama. Helmeti naipa saba kwa kumi kwa mtu kama mimi. Mama nilimwuliza angeipa ngapi. Hakunijibu, alikuwa kwenye simu na mama mdogo wa Tanga anamweleza habari za yule jongoo, mikono yote miwili juu, anaonesha unene. Mama mdogo anamwuliza kilo ngapi. Na mama, Mungu anisamehe, anasema, "Wangeniachia dakika moja tu."