Single Bond Universal: je, jeli ya asidi bado inahitajika?

Haya wadau, karibuni tena. Leo nina hii chupa hapa, Single Bond Universal ya 3M (siku hizi Solventum), bondi yaani gundi ya kushikishia kijazo kwenye jino, wengi mmeniuliza kama ukishakuwa nayo ndo unaachana na ile jeli ya bluu ya asidi ya fosforiki. Mimi nimeitumia muda wa kutosha na jibu langu ni hili, kwenye dentini, tabaka la ndani la jino, sawa, achana nayo, ila kwenye enameli, lile ganda gumu la nje, hapana, jeli ibaki.

Enameli karibu yote ni madini, kama asilimia 96 kwa uzito, juu imeteleza kama kigae, sasa kompositi, ile plastiki ya kuzibia, itashika nini hapo? Mwaka 1955 Michael Buonocore kule Rochester, Marekani, alijua viwandani wanapitisha asidi ya fosforiki kwenye chuma ili rangi ishike, akajaribu kwenye jino, asilimia 85 kwa sekunde 30, na ikashika kweli. Siku hizi tunatumia asilimia 35 mpaka 37, sekunde 15, unasuuza, unakausha, enameli inakuwa nyeupe kama chaki. Ukiona bado inang'aa, jamani, haijaliwa hiyo, rudia.

Sasa hii chupa nayo ina asidi ila ya upole, pH yake kama 2.7, enameli inaiparura tu haichimbi vile vishimo ambavyo kompositi inashikia, ndo maana ukiitumia peke yake baada ya muda unaweza kukuta kamstari ka kahawia pembeni ya jino uliloziba.

Kwenye dentini upole huohuo ndo ninaoupenda. Dentini ina maji na kolajeni nyingi, jeli ikikaa pale muda mrefu inaondoa madini zinabaki nyuzi tupu, halafu ukizipulizia hewa kwa nguvu zinalala zinagandana kama tambi zilizopoa, bondi haipenyi, mgonjwa anarudi kesho yake anasema dokta jino linashtuka nikinywa maji baridi. Hii chupa inayaacha madini kiasi, na ndani yake kuna MDP, kemikali ya kushikisha, ambayo inajishika kwenye kalsiamu yenyewe ya jino.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi, jeli pembeni kwenye enameli tu, suuza vizuri, kausha bila kuibabua dentini, tone la bondi nalitoa dakika hiyohiyo maana ina spiriti ndani, ukilitoa mapema inaruka. Halafu SUGUA sekunde 20, nasema sugua, wengi naona wanapaka kama rangi ya kucha wanawasha taa ya kugandisha bondi, hapana, ile brashi lazima itembee muda wote. Kisha puliza taratibu kama sekunde 5 mpaka uone bondi haitembei tena kama maji, taa sekunde 10. Na mate yakigusa enameli iliyokwisha kuliwa na asidi usijifanye hujaona, suuza, kausha, weka jeli tena kidogo.

Zirkonia, ile kauri ngumu ya kutengenezea kofia za meno, haraka tu, MDP inasaidia sana pale, ila kofia ya jino ukishaijaribisha mdomoni ikapata mate USIISAFISHE kwa jeli ya asidi ya fosforiki, fosfeti inakaa palepale ambapo MDP ilitakiwa kushika. Tumia dawa ya kusafishia ya zirkonia au ipige mchanga wa alumina upya.

Na hapa wa Arusha, Meru, Nakuru nisikilizeni zaidi. Maji yetu yana floraidi nyingi, meno ya kahawia mnayajua, na enameli ya hivyo uso wake wa juu unagoma asidi. Sekunde 15 zako zinapita jino bado linang'aa, unaziba hivyohivyo, baada ya miezi limebanduka na mtu anaambiwa meno yako mabovu. Inaniuma sana hiyo, wengi ni vijana ambao wamekua wanaficha mdomo wakicheka, wamejichanga wamekuja. Kwangu meno hayo nakwangua kidogo uso wa juu, asidi naongeza muda mpaka nione chaki yenyewe, ndo nafungua chupa.

Kununua nunua, bondi ni nzuri, mimi naendelea nayo. Ila jino la mbele la mtu silizibi nayo bila jeli mezani.