TAHADHARI: Pikapu ya dizeli ikizima njiani, angalia usije ukauziwa pampu (Kigoma mjini)

Ndugu zangu wenye pikapu za zamani, hasa Hilux zenye injini za dizeli za 3L na 5L zinazopiga kazi ya chumvi ya Uvinza, mawese na dagaa: kuna jamaa hapa mjini anauza spea za mtumba na kuzifunga hapohapo. Jina siliweki, suala liko polisi. Naeleza mchezo wenyewe, ili hata akihama mtaa mumjue.

Anapenda ugonjwa mmoja tu: gari linazima lenyewe njiani, ukikaa kidogo linawaka kama halikuwa na neno. Likifika gereji linanguruma vizuri, hakuna cha kuona, basi atakachosema yeye ndicho hicho. Na chochote atakachofunga, siku mbili tatu litatembea bila kuzima. Unamshukuru, hela imeshaenda.

Yangu ni 3L. Ilianza kuzima maeneo ya Kidahwe ikirudi na mzigo, dereva wangu akaipeleka kwake. Jamaa akatoa simu na kidude chake, akakichomeka chini ya dashibodi, akamwonyesha kijana maandishi mekundu: pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, imekufa. Sasa jamani! Pampu ya gari hili ni ya mitambo mitupu, injini haina kompyuta ya kupimwa. Sijui kilikuwa kinapima redio. Mimi niko Tabora msibani, napigiwa simu: "Bosi, pampu imekwisha, ninayo ya mtumba kutoka Japani, laki tisa na ufundi. Hii mbovu niachie, ni chuma chakavu." Nikasema asubiri nirudi. Akajibu imeshang'olewa, na chumvi ya watu iko juu ya gari.

Niliporudi nikafungua boneti. Kibati cha namba kwenye pampu si kile ninachokijua, gari linatoa moshi mweusi na mlimani halina nguvu. Halafu nikaona waya mmoja mwembamba umefungwa kichwa kipya, na utepe mweusi bado unang'aa. Mchezo wote uko kwenye huo waya.

Nyuma ya pampu, karibu na mabomba ya nozeli yanapotokea, kuna solenoidi, yaani kidude cha sumaku ya umeme. Ukiwasha swichi inapata umeme, inavuta kipini ndani, dizeli inapita. Umeme ukikatika, springi inarudisha kipini na dizeli inafungwa. Ndiyo maana ukizima swichi injini inakufa. Waya ukilegea, barabara ikitikisa kidogo tu, gari linazima palepale. Ukitulia waya ukagusa tena, linawaka. Yeye alibana waya kimyakimya, akanitoza laki tisa, akabaki na pampu yangu nzima.

Nasema nzima kwa sababu kabla ya haya ilikuwa imeshapimwa na fundi wa pampu, naye aliziwekea bolti rangi nyekundu alipomaliza. Nimeikuta kwenye shelfu ya jamaa imepuliziwa rangi ya fedha, wekundu unachungulia kwenye nyuzi za bolti, mteja wa Kasulu anapatana bei! Nilipoidai, jibu likawa moja: lete risiti. Risiti yenyewe hakutoa. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), namba ya pampu iandikwe, na spea yako ya zamani uondoke nayo, hata kama kweli imekufa.

Gari likizima, kabla hujapiga stata tena, kumbuka limezimaje. Kama limekata ghafla kana kwamba mtu kazima swichi, shuku umeme: fyuzi, swichi, waya wa solenoidi. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya huo na uuguse tena. Solenoidi nzima inalia "tik". Isipolia, pima kwa taa ya testa kama umeme unafika. Mafundi wengine huvuta waya wa muda kutoka betri moja kwa moja. Gari likiacha kuzima, pampu haina kosa. Ila ukifanya hivyo swichi haitazima injini, itabidi uchomoe huo waya.

Kama lilipungua nguvu kwanza, likakwamakwama ndipo likafa, hapo tafuta uchafu au hewa. Filta, maji chini ya filta, chujio la ndani ya tangi, mipira iliyopasuka, pampu ya mkono inayovuta hewa. Fungua na kifuniko cha tangi: ukisikia linavuta pumzi kwa nguvu, tundu lake limeziba. Kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kikifungwa kabla ya pampu, kitakuonyesha mapovu kwa macho yako.

Kama umenunua pampu ya 3L ya mtumba hapa mjini siku za karibuni, kwangua kidogo rangi ya fedha kwenye bolti. Ukikuta nyekundu chini yake, nitumie ujumbe. Nakala ya namba ya kibati ninayo, na polisi wanahitaji mtu wa pili wa kuandikisha maelezo.