Jezi ya shilingi 1,500 ya timu ya kwetu: mshono safi, hesabu bado

Mshono wa jezi hii ni mzuri. Naanza na hilo kwa sababu kushona ndiyo kazi inayonilisha: sare za shule na nguo za michezo, katika soko la Uhuru, Jogoo Road. Jezi za kila timu huletwa kwangu zikiwa zimefumuka kwapani, na ukizirekebisha kwa miaka unajua mahali pa kuangalia. Hii niliigeuza ndani nje kabla sijaivaa. Ovaloki, ule mshono unaofunga ncha za kitambaa zisifumuke, ni ya nyuzi nne. Mabega yamewekewa utepe kwa ndani ili yasivutike. Pindo la chini lina mistari miwili iliyonyooka toka upande mmoja hadi mwingine, na kwapani, pale fundi mwenye haraka hulegeza mkono, mshono umerudiwa.

Rangi ni damu ya mzee, mikono ya njano, rangi zetu tangu enzi za baba yangu. Kitambaa ni poliesta yenye vitundu vidogo, nyepesi, haigandi mwilini hata jua la saa nane likiwaka. Jina la mji na nambari ya mgongoni vimechapwa kwa rangi iliyochomwa ndani ya kitambaa, kwa hiyo ukipitisha kidole huhisi kitu. Nembo imetariziwa, na nyuma yake wameweka kitambaa laini ili nyuzi zisikwaruze kifua. Niliiloweka usiku kucha pamoja na leso nyeupe, kisha nikaifua kwa mkono na sabuni ya mche. Leso ilitoka nyeupe vilevile. Aliyeshona kazi hii anaijua, na ningependa jina la karakana yake liandikwe hata kwenye lebo ya shingoni.

Klabu siitaji jina. Wanaoiongoza ni watu wa nyumbani, nimesoma na watoto wa baadhi yao, na ningetaka wayasome haya wakiwa wametulia. Inatosha kusema ni timu ya mji mdogo wa magharibi, mji wenye stendi moja na kiwanda kilichowahi kulisha kila mlango, na kwamba inacheza chini ya Ligi Kuu. Sisi tulio Nairobi tunaiona inapokuja kucheza huku. Ikipangiwa Camp Toyoyo, pale Jericho, mimi huenda kwa miguu nikishafunga cherehani.

Mbele ya jezi, mahali pa jina la mdhamini, hakuna kitu. Asiyefuatilia soka ya kwetu atadhani ni urembo. Sisi tunajua kifua hicho kimekuwa wazi kwa nini, na si chetu peke yetu. Julai 2019 leseni ya SportPesa, kampuni ya kamari za michezo, haikuhuishwa, na mwezi uliofuata kampuni hiyo ikaondoa udhamini wake wa Ligi Kuu, wa Gor Mahia na wa AFC Leopards kwa mpigo. Gor walikuwa mabingwa. Msimu huo ulioanza, Sony Sugar ya Awendo, timu ya kiwanda cha sukari iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 2006, ilikosa kufika katika mechi tatu kwa ukata na ikaondolewa ligini. Nakumatt FC ilikuwa imebeba jina la maduka makubwa. Maduka yalipoanguka timu ikaitwa Mount Kenya United, na mwaka 2019 ikashuka ngazi. Mwaka 2020 ikaja BetKing, nayo ya kamari, na mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2 kwa ligi nzima. Ulivunjika mwaka uliofuata. Ikiwa wenye vikombe waliangushwa namna hiyo, mji wetu ungeshikilia nini?

Kwenye mkono wa kushoto, hata hivyo, kuna jina dogo la duka la vifaa vya ujenzi la kwetu. Mwenye duka alinunua kitambaa cha jezi za wachezaji wenyewe. Hakuitisha mkutano wa waandishi wala picha ya hundi kubwa. Kila nikiivaa jezi, macho ya watu huanza hapo, na mimi hufurahi kueleza.

Sasa niseme kuhusu huduma, maana hapo ndipo jezi nzuri inapoharibiwa.

Unaagiza kupitia kundi la WhatsApp la tawi la Nairobi. Unaandika saizi, unatuma shilingi 1,500 kwa M-Pesa, unangoja. Pesa haziendi kwenye Paybill ya klabu, yaani nambari ya malipo ya M-Pesa yenye jina la timu. Zinakwenda kwenye nambari ya simu ya kiongozi mmoja, na jina linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa ni lake. Sisemi ameiba hata senti. Nasema mfuko wa mtu na mfuko wa timu umekuwa mmoja, na siku mtu huyo akiugua, akisafiri au akikosana na wenzake, hakuna atakayejua ni jezi ngapi zimelipiwa. Baada ya kutuma nilijibiwa "ziko njiani", kisha kimya cha wiki kadhaa, kisha picha ya gunia lililofungwa kamba. Jezi ilifika stendi ya Country Bus kama mzigo wa basi na nikalipa shilingi 200 za kuukomboa, ada ambayo hakuna aliyekuwa ameitaja. Niliagiza saizi ya kati. Niliyopewa imeandikwa ya kati, lakini kifuani ni ndogo, karibu inchi mbili pungufu ya vipimo tunavyotumia hapa sokoni.

Langoni Toyoyo, siku ya mechi, jezi ya timu yetu inauzwa shilingi 500. Nimeishika. Ovaloki ni ya nyuzi tatu iliyoachwa wazi, nambari ni stika iliyobandikwa kwa pasi, itaanza kupasuka ukiifua mara ya tatu, na nembo imeandikwa mwaka usio sahihi. Klabu haipati chochote hapo. Lakini siwezi kumlaumu kijana wa boda boda anayeinunua. Ana 500, anaitaka rangi ya kwao mwilini leo, na anaipata papo hapo bila kuambiwa iko njiani. Wanaouza bandia wametushinda kwa jambo moja tu: wapo langoni. Klabu haijawahi kuweka hata meza moja na mtu mmoja mwenye gunia la jezi halali na risiti. Mechi nzima tunapita pale, tuna simu zenye pesa, hakuna wa kuzipokea.

Kwa hesabu ya fundi, kitambaa, uchapishaji, nembo na kushona havizidi shilingi 700 kwa jezi moja ikiwa unashona nyingi kwa pamoja. Zinabaki kama 800. Hiyo 800 ndiyo niliyonunua hasa, kwa kuwa nguo za kuvaa ninazo na nyingine naweza kujishonea. Niliambiwa faida ni ya timu. Timu inaihitaji, najua. Kuja Nairobi ni kukodi basi, kulaza watu 25 na kuwalisha siku mbili. Ikicheza nyumbani kuna marefa, walinzi, chokaa ya uwanja na ambulensi, na katika ligi zetu mechi zimewahi kuahirishwa kwa sababu ambulensi haikufika. Tiketi za shilingi 200 hazifikii gharama hizo watu wakiwa wachache vile. Jumamosi hiyohiyo, vibanda vya video kutoka Makadara hadi Donholm vinafurika watu wa Arsenal na Manchester United.

Baada ya mechi ya mwisho niliyohudhuria (tulifungwa 2-1, na bao lao la pili lilikuwa la kuotea, nitalisema hilo popote) beki wetu wa kushoto alikuja kwenye ua wa waya. Alisikia mimi ni fundi. Bukta yake ilikuwa imefumuka na hakukuwa na nyingine. Niliishona kwa mkono pale pale, yeye amejifunga taulo. Nikamuuliza kama wanalipwa. "Mama, mshahara wa mwisho niliuona kabla ya Krismasi," akasema. Tulikuwa Aprili. Siku zisizo na mazoezi anaosha magari karibu na stendi ya nyumbani. Yeye, aliyekuwa amekimbia dakika 90 na rangi zetu, hakuwa na jezi ya kumpa mama yake. Wachezaji nao wanauziwa 1,500.

Nilikuwa uwanja wa Kasarani Agosti 2025 sisi Kenya tulipoifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0 kwenye CHAN, na nililia tena tulipoifunga Moroko kwa idadi hiyohiyo. Rais alikuwa ameahidi kila mchezaji shilingi milioni 1 kwa kila ushindi. Niliona vizuri sana, vijana walistahili. Ila CHAN ni mashindano ya wanaocheza ligi za nchini mwao pekee. Wale tuliowashangilia wametoka kwenye viwanja vyenye vumbi kama vyetu, wamepanda mabasi ya mikopo, wamekaa miezi bila mshahara. Wiki chache baadaye viwanja vya ligi vilikuwa na viti vitupu kama kawaida, na beki wetu akaendelea kuosha magari.

Ndiyo maana nilinunua na ndiyo maana nashikilia hesabu. Watu wa tawi letu wamechoka, na ukikaa nao utasikia wamechoka na nini. Kufungwa tumekuzoea. Kutoa pia tumezoea: harambee ya basi, harambee ya goti la kipa, harambee ya malazi, na mchango wa dharura unaotangazwa usiku wa kuamkia mechi. Kinachotuchosha ni kutoa na kutosomewa. Katika chama chetu cha wanawake hapa sokoni, mweka hazina husoma daftari kila mwisho wa mwezi, kila shilingi na jina lake, na mtu akichelewa tunajua. Ndiyo sababu chama hakijakosa mchango hata mwaka ule wa korona, masoko yalipokuwa hayana wateja. Mashabiki ni watu walewale. Mzee mmoja wa tawi letu, fundi wa gari Grogan, aliyeifuata timu hii tangu akiwa kijana, ameacha kuchanga. Bado anakuja uwanjani, analipa tiketi yake na kukaa peke yake upande wa mbali. Klabu ikimpoteza huyo haitampata mwingine kwenye WhatsApp.

Niliuliza kundini pesa za jezi zimefanya nini. Wengine walinitumia ujumbe wa pembeni wakisema ninawavunja moyo viongozi. Mweka hazina alinipigia mwenyewe, kwa heshima. "Mwanangu, hakuna aliyekula. Ni vile hakuna wa kuandika." Nikamwambia, mzee wangu, basi tuandikie hata kwa kalamu. Baada ya siku mbili alituma picha ya ukurasa wa daftari: jezi zilizouzwa, mafuta ya basi, deni la nyumba ya wageni lililopunguzwa, maji ya kunywa. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia. Mishahara haikuwemo hata mstari mmoja. Lakini kundi lilibadilika usiku ule. Watu waliokuwa kimya tangu mwaka jana waliuliza maswali ya maana, na wawili waliagiza jezi kabla ya saa nne. Ukurasa mmoja wa daftari ulifanya hivyo.

Kwa anayetaka kununua: jezi yenyewe naipa nyota nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa saizi. Chukua moja juu ya unayovaa. Ifue ndani nje, usiipige pasi juu ya nembo. Uagizaji na ufikishaji naupa mbili. Uliza ada ya mzigo kabla ya kutuma pesa, hifadhi ujumbe wako wa M-Pesa, na uweke jina lako kundini ukitaja ulicholipa ili wote waone. Usinunue ya langoni ikiwa unaweza kungoja. Ukiwa huwezi kungoja, vaa tu uje. Uwanjani tunakuhitaji zaidi.

Saizi za watoto hakuna kabisa, na huo ni uzembe unaoniuma, kwani mtoto anayevaa damu ya mzee na njano akiwa na miaka sita hatakwenda kibanda cha video akiwa na ishirini. Nimemwambia mweka hazina nitashona za watoto kwa bei ya kitambaa na uzi, bila ufundi, kwa sharti kwamba malipo yaingie kwenye Paybill yenye jina la klabu na ukurasa wa daftari utumwe kila mwezi. Paybill amesema wataipeleka kwenye kikao cha kamati. Daftari amekubali. Ameomba vipimo, na nimempelekea vya miaka minne hadi 12.