Boksi la lego la vipande 790: linafaa pesa yake? Uzoefu wangu hapa Lamu

Nianze na jibu. Kama mtoto wako ametimiza miaka minne, na pesa ya kununulia haitagusa karo wala unga, boksi la LEGO Classic la vipande 790, yaani vitofali vya plastiki vya kuunganisha, linafaa kununuliwa. Kama pesa hiyo huna, usiache kusoma, kwa sababu pesa kidogo nayo hununua kitu kizuri ukijua cha kukagua.

Mimi ni seremala, nakaa Langoni. Milango, madirisha na vitanda ndiyo kazi yangu, na jicho limezoea kutazama kiungo kabla ya kutazama nakshi. Mlango waweza kuchongwa ukapendeza, lakini viungo vikicheza, msimu mmoja wa kusi unatosha kuulegeza. Ndiyo maana nilipotakiwa nyumbani niamue kama vitofali hivi vya plastiki vina thamani, sikuhangaika na picha ya boksi. Nilitaka kujua vinashikana vipi, na vitashikana vivyo hivyo mpaka lini.

Mambo yalianza na seti nyingine kabisa, ya bei rahisi, waliyoletewa watoto wangu kama zawadi ya Idi. Bei yake ilikuwa shilingi 1,500, na boksi lilisema lina vipande 500. Jina la kampuni nitaliacha. Siku ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Baada ya wiki chache mwanangu wa miaka minane akawa ananiletea vipande viwili viwili: "Baba, hili halishiki. Hili nalo halitoki." Hapo ndipo shida ya vitofali vibaya ilipo, yaani mkononi mwa mtoto mmoja kuna vilivyolegea vinavyoanguka na vilivyokaza mpaka avitoe kwa meno. Niliwaahidi kwamba nikilipwa kazi kubwa nitaagiza nyingine, na ahadi kwa mtoto ni deni.

Boksi la LEGO niliagiza Nairobi kupitia ndugu yangu. Lilipanda basi mpaka Mokowe, likavuka kwa boti, na mpaka linafika mlangoni nilikuwa nimetumia karibu shilingi 10,000 na nauli ndani yake. Ni pesa nyingi, sifichi. Lilifika likiwa halijafunguliwa, na ndani mlikuwa na matofali ya rangi 33, milango na madirisha yenye fremu zake, magurudumu, na vipande vyenye macho ambavyo binti yangu wa miaka mitano alivichukua vyote kabla ndugu yake hajageuka.

Usiku walipolala nilikaa na rula. Kutoka katikati ya kinundu kimoja, yaani kile kijivimbe cha duara juu ya tofali, hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 8. Urefu wa tofali la kawaida kwenda juu, bila kinundu, ni milimita 9.6, na vile vipande vyembamba vina milimita 3.2, kwa hiyo vitatu vikipangwa hulingana sawasawa na tofali moja. Nilisimamisha minara miwili, matofali kumi ya seti hii na matofali kumi ya ile ya Idi. Wa LEGO ulisimama wima. Ule mwingine ulikuwa mrefu zaidi kidogo na umeegemea upande, kwa sababu matofali yake hayakai chini mpaka mwisho. Kila moja linaacha upenyo mwembamba kama unywele, na penyo tisa zikijumlishwa mnara umepinda. Jaribio hilo halihitaji useremala. Mtu yeyote anaweza kulifanya juu ya meza ya duka.

Siri yenyewe iko chini ya tofali. Ukiligeuza utaona mirija ndani yake. Vinundu vya tofali la chini huingia kati ya mirija na kuta, vikabanwa pande zote. Umbo hilo liliandikishwa hataza, yaani haki ya kulinda ubunifu, nchini Denmark tarehe 28 Januari 1958, na matofali yaliyotengenezwa mwaka huo bado yanaingiliana na ya leo. Tangu mwaka 1963 yanatengenezwa kwa plastiki inayoitwa ABS, ambayo ni ngumu lakini ina mnyumbuko kidogo, na huo mnyumbuko ndio unaolifanya libane, liachie, kisha libane tena. Nilipojua kwamba Ole Kirk Christiansen, aliyeanzisha kampuni hiyo mjini Billund mwaka 1932, alikuwa seremala aliyechonga vichezeo vya mbao kabla ya plastiki, sikushangaa. Mtu anayeshughulikia kiungo namna hiyo amewahi kushika patasi.

Lakini vipimo vya rula ni vyangu mimi. Watoto wana vipimo vyao, na hapo ndipo nilipopata jibu la kweli.

Walitandika jamvi sebuleni wakaanza kujenga nyumba. Mama yangu alikuwa amekaa kitini na tasbihi yake, akawatazama kwa muda, kisha akauliza: "Nyumba gani hii haina daka? Mgeni akija atakaa wapi?" Wakabomoa mbele, wakaweka daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na viti viwili vya kukalia, kila upande kimoja. Akauliza kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko wapi, mwanga utaingilia wapi. Wakafungua katikati. Ilibidi wabomoe karibu nusu ya nyumba na kuijenga upya, na matofali yalitoka na kurudi bila kelele na bila meno. Ile seti ya kwanza isingestahimili maswali ya bibi yao.

Kisha mwanangu akataka wikio. Kwa msomaji asiye wa huku, wikio ni chumba kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, na mji wetu wa kale unavyo vingi. Binti alikuwa na nyumba yake upande wa pili, na kichochoro katikati kilipimwa kwa punda wa mbao niliyewachongea: lazima apite na mzigo wake. Tatizo likawa hakuna tofali refu la kutosha kuvuka. Nilijua alichokutana nacho, kwa sababu vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba kwa sababu hiyohiyo: upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Sikumsaidia. Alijaribu, akanyamaza, kisha akaanza kusogeza kila safu kinundu kimoja mbele ya ile iliyo chini, kutoka pande zote mbili, mpaka kuta zikakaribiana na tofali moja likafunga pengo. Punda akapita.

Siku iliyofuata nilimwomba ajenge wikio lilelile kwa matofali ya Idi. Safu ya pili iliyoning'inia ikaanza kuinama, ya tatu ikaanguka. Akayakusanya kimya akayarudisha kwenye mfuko. Kwangu mimi hapo ndipo bei ilipojieleza. Tofali linaloshika humruhusu mtoto kumaliza wazo alilolianza, na lisiloshika humkatiza wazo katikati, naye hudhani yeye ndiye asiyejua.

Sasa hesabu, maana najua mtu atauliza. Shilingi 10,000 kwa vipande 790 ni kama shilingi 12 na nusu kwa kipande. Ile ya Idi ni shilingi 3 kwa kipande. Ukiishia hapo utanunua ya pili. Lakini hesabu ya vipande inadanganya, kwa sababu kampuni inaweza kujaza boksi kwa vijipande vya kinundu kimoja ambavyo havijengi ukuta, na zile 500 nyingi zilikuwa hizo. Ukisoma idadi, tazama pia picha ya vipande: matofali ya vinundu vinane, ya safu mbili za vinne vinne, ni mangapi? Hayo ndiyo ukuta. Matofali sita tu ya aina hiyo, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Wanahisabati wamezihesabu.

Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi kuanza na seti ya kitu kimoja, labda gari la mbio au meli yenye kijitabu cha hatua. Ni nzuri, na mtoto hujifunza kufuata maelekezo kwa utulivu, jambo ambalo nalithamini katika karakana yangu. Ila nimeona kwa jirani: gari likishakamilika huwekwa kwenye kidaka ukutani na watoto wakaambiwa wasiliguse. Anza na boksi la matofali ya kawaida. La kufuata kijitabu lije baadaye, likija.

Ambaye bajeti yake ni elfu mbili au tatu ana njia mbili nzuri. Ya kwanza ni boksi dogo la LEGO lenyewe. Vipande vichache vinavyoshika ni bora kuliko mamia yasiyoshika, na vitachanganyika na utakavyonunua baadaye. Ya pili ni matofali ya kampuni nyingine, na hapa niseme haki: si kila lisilo LEGO ni bandia. Ulinzi wa hataza ulikwisha muda wake, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba umbo la vinundu lenyewe haliwezi kumilikiwa kama alama ya biashara. Kampuni inayotengeneza tofali linaloingiliana na kuliuza kwa jina lake haijaiba. Bandia ni ile inayojifanya LEGO kwenye boksi. Ukiwa na shaka tazama kinundu: la asili lina neno LEGO juu ya kila kinundu, dogo lakini linasomeka.

Kwa haya ya kampuni nyingine, mwombe mwenye duka akufungulie, ukiwa Malindi, Mombasa au hapa kwetu ufukweni. Muuzaji anayekuheshimu hatakataa. Unganisha mawili, shika la juu, tikisa. Yatenganishe na kuyaunganisha mara nyingi mfululizo, kisha tikisa tena, kwa sababu tofali baya huwa zuri mara za mwanzo. Mpe mtoto mwenyewe ayatenganishe. Panga mnara wa kumi utazame kama umenyooka. Nusa pia, harufu kali ya plastiki isiyoisha mimi siipeleki nyumbani.

Jambo moja lisichukuliwe kwa wepesi. Nyumbani kuna mtoto mwingine wa mwaka na kidogo, anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Vipande hivi vidogo si vya watoto walio chini ya miaka mitatu, wanaweza kukabwa navyo, na nyumba zetu zenye watoto wa ndugu watatu chini ya dari moja hazina mlango unaofungwa mchana kutwa. Sisi tumeweka kanuni: jamvi likikunjwa, vipande vyote ndani ya boksi, boksi juu ya kabati. Kwa huyo mdogo, akifikisha umri, kuna DUPLO, matofali makubwa ya LEGO yenyewe, iliyoanza mwaka 1969. Ni mara mbili kwa urefu, upana na kimo, haimezeki, ni ya kuanzia mwaka mmoja na nusu, na uzuri wake ni kwamba hushikana na haya madogo. Akikua, yake hayatupwi. Yanakuwa msingi wa nyumba.

Kuhusu mchanga wa Lamu: utaingia tu. Watoto watajenga barazani, watapeleka ufukweni, na chembe moja ndani ya mrija inatosha kulifanya tofali zuri likatae kukaa. Osha kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, suuza kwa maji baridi, kung'uta, yaanike kivulini. Usiyaanike juu darini kwenye jua. Jua letu hugeuza matofali meupe yakawa manjano, na hakuna sabuni ya kuyarudisha.

Kilichopungua kwetu ni ubao mkubwa wa chini. Boksi hili lina matofali mengi lakini mtaa ukishakuwa mkubwa unahitaji kitu cha kuushikilia ili uweze kuhamishwa wakati wa chakula. Upo ubao wa kijani unaouzwa peke yake, vinundu 32 kwa 32, kama sentimita 25 na nusu kila upande. Huo ndio nitakaoagiza mwenye mlango wangu wa sasa akinilipa.

Na kwa ndugu zangu wanaokaa nyumba moja au kichochoro kimoja: msinunue kila mtu kiseti chake cha elfu moja. Changeni, mnunue boksi moja zuri, likae kwa mwenye sebule kubwa. Watoto watalichezea pamoja hata hivyo, na nyumba moja haiwezi kujenga wikio peke yake.