Ua la kwetu, nimeuziwa Moshi kama la Ulaya

Kitalu chenyewe kiko kando ya barabara ukitoka Moshi mjini kuelekea Himo, kimefunikwa neti nyeusi. Nilifuata miche ya parachichi. Nyuma kabisa, juu ya ubao, nikaona vyungu sita vya ua dogo lenye majani ya mviringo, manene, yenye vinyweleo laini kama sikio la ndama. Maua ya zambarau, katikati chembe mbili za njano. Nilisimama pale pale.

"Hilo ni ua la Ulaya, mama," kijana wa kitalu akaniambia. "Elfu nane tu."

Mwanangu, hilo si la Ulaya. Mimi nimezaliwa Amani, Usambara Mashariki. Njia yetu ya kwenda kuchota maji ilipita chini ya jabali lenye kivuli kutwa nzima, na ua hili liliota kwenye nyufa zake, juu ya kuvumwani, pasipo udongo wa kujaza kiganja. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa upande wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo limejaa madirishani dunia nzima, ila kwao hasa ni misitu ya milima yetu ya mashariki na kipande cha Kenya ya pwani. Miti ya juu ikikatwa na jua likafika jabalini, linakauka.

Nikanunua viwili. Hivi vya kitalu ni machotara, maua yake ni makubwa kuliko yale ya jabalini, lakini miche yenyewe ni mizuri, hilo nalisema wazi: majani yamebana, hayajarefuka kutafuta mwanga, na chini ya jani hakuna mdudu hata mmoja. Anayeikuza anajua kazi yake.

Tatizo ni maelezo. Kijana alituambia tuweke juani na tumwagilie asubuhi na jioni. Jirani yangu, niliyekuwa naye, alifuata. Wiki ya tatu akaniletea chungu chake: kitovu cha mche kimekuwa cheusi, kinateleza, na majani yanang'oka yenyewe ukiyagusa. Chungu hakikuwa na tundu hata moja, na ndani mlikuwa udongo wa mfinyanzi. Iliniuma sana, maana mche haukuwa na kosa.

Kumbukeni lile jabali. Pale hewa ina unyevu, lakini maji hupita, hayatuami. Kwa hiyo changu nilikihamishia kwenye kopo lililotobolewa, nikachanganya mboji ya majani, mchanga wa mtoni na mkaa uliopondwa. Maji naweka kwenye kisahani chini, udongo wa juu ukishakauka. Baada ya nusu saa yanayobaki namwaga. Juu ya majani simwagii, na asubuhi za Juni na Julai maji ya bomba nayaacha kwanza ndani yapungue ubaridi, kwani tone la baridi likikaa kwenye jani linaacha baka jeupe lisilofutika. Kopo liko dirisha la jikoni la mashariki, nyuma ya pazia jepesi.

Na msinunue kila mara. Kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake, urefu wa kama sentimeta tatu, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, ufunike na chupa ya plastiki iliyokatwa. Subira inatakiwa, miezi miwili na zaidi. Langu la kwanza lilitoa vichipukizi vinne pale chini, kila kimoja na vijani vidogo kama punje za dengu.

Miche naipa nyota nne, maelezo moja. Nendeni mkanunue, ila ombeni chungu chenye tundu. Wiki ijayo narudi kuchukua yale maparachichi, na kijana wa watu nitampelekea kichipukizi kimoja ndani ya kopo langu, nimweleze kilikotoka.